Malalamiko Juu ya Injini Isiyochemka

Rwezamenyo, Kigali
Alhamisi, 24 Julai 1986

Kwa Ndugu Swalehe Gasana,
mwenye pikapu ya buluu iendayo Ndera siku za soko

Ndugu Gasana,

Salamu kwanza. Natumaini wewe na watu wa nyumbani mko salama, na kwamba gari pia ni zima. Huo uzima wa gari ndio ulioniandikisha barua hii.

Nakuandikia kama abiria anavyomwandikia mwenye gari. Najua una nafasi nyingi hapa mtaani: una gari, ni mtu wa safu ya kwanza msikitini, na tena ni kaka wa dada yako. Barua hii ni ya mwenye gari peke yake. Ukijikuta unaisoma kama kaka, tafadhali iweke chini, unywe chai, halafu uirudie kama mwenye gari.

Jambo lenyewe ni hili. Mwezi wa nne fundi Maneno aliitoa injini ya zamani ya pikapu yako, ile ya petroli ambayo sote tulizoea kuiita Mfaransa. Mahali pake akaweka injini ya dizeli iliyotoka kwenye gari la Kijapani lililopinduka njia ya Gitarama. Tangu siku hiyo gari lako halijachemka, halijazimika, halijasukumwa, wala halijasimama kwenye mlima wa Ndera hata mara moja. Naomba hali hii ikomeshwe.

Kabla sijaanza kulalamika, lazima niseme ukweli wa kazi yenyewe, kwa kuwa nimekula chumvi nyingi katika kuandika habari na sipendi kumdhulumu fundi. Maneno alifanya kazi nzuri. Alikata vishikio vya zamani akachomelea vipya. Giaboksi ya zamani ilikataa kuungana na injini mpya, naye hakubishana nayo. Akaleta giaboksi ya Kijapani pia. Shafti ikawa ndefu, akaikata na kuiunga. Boneti ikawa haifungi, akaitoboa na kuifunika kwa kipande cha pipa la mafuta, ndiyo maana gari lako sasa lina nundu kama ng'ombe wa maonyesho. Kipimo cha joto aliacha kilekile cha Mfaransa. Hakijaunganishwa na kitu chochote, na mshale wake umelala upande wa baridi kama mtu aliyestaafu.

Nilikuwapo siku alipoiwasha. Iliwaka kwa mguso wa kwanza. Wanaume waliokuja kusukuma, kama desturi ilivyo, walibaki wamesimama nyuma ya gari mikono ikiwa hewani. Maneno akajifuta mikono akaniambia, “Mzee Mutabazi, hii moteri iko muzima kabisa. Sasa mutakuwa munafika Ndera mbele ya wenye soko.” Alilisema hilo kama habari njema. Nilikuuliza papo hapo ni nani aliyekushauri kubadilisha injini. Ulicheka, ukapanda gari, ukaenda kulizungusha msikitini. Swali hilo bado halijajibiwa.

Sasa nakuja kwenye malalamiko.

1. Nimenyang'anywa kazi. Katika gari lako kila abiria alikuwa na cheo. Kalisa, mfanyabiashara wa mbuzi, alikuwa mtu wa kopo la maji: gari likichemka, yeye ndiye aliyeshuka mpaka chemchemi. Mukandekezi wa maharage alikuwa mlinzi wa kuku wa watu wote. Mimi nilikuwa mtia kabari. Gari likianza kutetemeka, niliruka na kuisukuma kabari nyuma ya gurudumu kabla halijaanza kurudi Mulindi lenyewe. Kabari hiyo ni ya mkaratusi, niliichongesha kwa seremala wa Gisozi, nikaitoboa na kuitia kamba ya kuning'iniza. Wewe mwenyewe uliwahi kusema mbele ya watu kwamba bila kabari ya Mutabazi, Ndera ingekuwa inasikika tu redioni.

Ulikuwepo utaratibu na ulikuwepo uongozi. Ilikuwepo hata sheria, ile uliyotusomea siku ya kwanza ya safari: mlimani hakuna kugonga paa la kabini. Mfaransa alisimama alipopenda yeye. Akisimamishwa na mtu alinuna, na akinuna hakuwaka tena. Sheria hiyo haijafutwa, nasi tunaiheshimu mpaka leo. Mimi bado napanda na kabari yangu. Naipakata njia nzima kama mtu aliyeachiwa mtoto wa watu na wenyewe hawarudi.

2. Mukandayisenga amepoteza wateja. Unamjua, ni yule mama achomaye mahindi na viazi kwenye kona ya chemchemi, pale Mfaransa alipozoea kufia. Zamani akisikia tunaingia kwenye bonde la Mulindi alianza kupepea makaa, na tulipofika mahindi yalikuwa tayari. Sasa akianza kupepea tunapita. Soko lililopita alisimama ukingoni mwa barabara akatuinulia hindi juu kama polisi wa barabarani, akasema jambo. Injini ililimeza jambo hilo. Tulimpungia mkono huku tukiwa na njaa, tukamwachia vumbi.

3. Injini hii inasema peke yake. Mfaransa alikuwa mgonjwa, lakini alikuwa na adabu. Watu wakizungumza, yeye alikohoa pembeni. Dizeli hii inahutubia tangu Rwezamenyo mpaka Ndera bila kumpa mtu nafasi. Nyuma kule sasa tunaongea kwa mikono na vichwa, na madhara yake yameshaonekana. Kalisa alimwonyesha Mukandekezi beberu, akamwonyesha na vidole vya bei. Mukandekezi akatikisa kichwa kukubali. Tulipofika akasema hakukubali chochote, kichwa kilitikiswa na gari. “Yewe Kalisa, hata wewe ulikuwa unatikisa, mbona sikukuuzia maharage?” Kesi ilisuluhishwa na mzee wa soko, na beberu akala maharage ya mdaiwa wakati wa kusikilizwa.

4. Kazi yangu ya gazeti imeharibika. Kama ujuavyo, naenda Ndera kukusanya bei za soko. Zamani tulifika soko likiwa limechangamka, bei zimeshapigana na kutulia. Sasa tunafika wenye mali bado wanatandika mikeka, na bei hazijazaliwa. Wiki mbili mfululizo nimeandika kwamba bei ya maharage Ndera haijulikani. Mhariri wangu ameniuliza, kwa upole, kwa nini naenda mpaka Ndera wakati maharage ya Nyamirambo yana bei ileile na yako nyuma ya nyumba yangu. Swali hilo nimelijibu kwa namna mbalimbali na sitaki kulijibu tena.

5. Hapa ndipo penye jambo. Kuna abiria mmoja. Sitamtaja jina, kwa heshima yake. Ni mjane, ni fundi cherehani, anauza magauni ya vitenge kule sokoni, hukaa nyuma ya kabini upande wa kulia juu ya gunia lililokunjwa, hushika rula yake ndefu ya mbao kama hatibu anavyoshika fimbo, na kaka yake ndiye mwenye gari. Mwenye gari asijisumbue kumtafuta ni nani.

Nina neno la kumwambia abiria huyo. Ni neno la halali na la heshima, na nimekuwa nikilikaribia kwa utaratibu. Mlima wa Ndera ndio ulionisaidia. Fikiria mwenyewe mahali pengine ningelisemea wapi. Rwezamenyo mwanamume akisimama mlangoni kwa mjane, hata kama ameleta kitufe cha koti tu, habari hufika Biryogo kabla kitufe hakijashonwa. Sokoni Ndera ana wateja, na mtu anayepimwa kiuno hapendi kusikia mambo ya watu wengine. Lakini kwenye kona ya chemchemi, gari likiwa limechemka, watu wote walikuwapo na hakuna aliyetazama. Kalisa yuko kwenye maji, Mukandekezi yuko na kuku, wewe umeingiza kichwa ndani ya boneti. Mimi nimeshaweka kabari, kazi yangu imekwisha. Yeye amekaa juu ya lile jiwe bapa. Hapo ungeweza kuzungumza mbele ya ulimwengu wote bila kusikilizwa na mtu.

Nilianza na bei ya vitenge. Nilikaa kwenye vitenge muda mrefu, sikutaka kumshtua. Kutoka hapo nikahamia kwenye cherehani yake, kwamba ni ya mguu au ya mkono. Baadaye tukafika kwa marehemu mume wake, tukamwombea, na kwa marehemu mke wangu, tukamwombea naye. Mvua za mwezi wa nne zilipokuja nilikuwa nimevuka mambo yote ya utangulizi. Siku ile Mfaransa alichemka vizuri kuliko siku zote. Nilimeza hindi, nikajipangusa, nikasema, “Bi Zaina, kuna jambo moja ambalo nataka—”

Wewe ukapiga kelele, “Maji yamepoa, pandeni.”

Tukapanda. Nikasema moyoni, hakuna haraka, soko lijalo yatachemka tena. Soko hilo lilipofika, gari lilikuwa na nundu.

Ndugu Gasana, nimekaa katika kazi ya maneno umri wangu wote, na sijawahi kuacha sentensi bila nukta. Hiyo iko hewani tangu mwezi wa nne. Ilining'inia kwenye mvua, sasa inaning'inia kwenye vumbi. Kila tukiipita ile kona namwona akilitazama jiwe lake, halafu ananitazama mimi, halafu anatazama mbele. Sijui anafikiri nilitaka nini. Pengine anadhani nilitaka kuazima mkasi.

(Naona nimeshamtaja jina. Chukulia kwamba hukuliona.)

6. Yupo Sibomana. Huyu ni muuza nyuzi na vifungo wa kule Biryogo. Simlaumu, ni mtu msafi na duka lake limepangika. Ubaya ni kwamba ana benchi. Benchi liko mbele ya duka, kwenye kivuli, na fundi cherehani yeyote akija kununua uzi hana budi kukaa wakati uzi unatafutwa. Nimepita pale mara kadhaa kwa sababu za kikazi, nikaona kwamba uzi wa Bi— uzi wa abiria huyo hutafutwa kwa muda mrefu kuliko nyuzi za wengine. Sibomana hana mlima wala hahitaji gari lolote liharibike. Yeye amekaa tu, na bahati inamfuata kwa miguu yake yenyewe, inaomba uzi mweusi namba arobaini. Nimesikia, na nimehakikisha kwa mtu wa pili, kwamba atatuma wazee kwako baada ya Idi ya kuchinja. Idi ni mwezi ujao.

Sasa pima mwenyewe haki iko wapi. Injini mpya imemfikisha kila mtu mapema isipokuwa mimi.

7. Lalamiko langu la mwisho ni la jumla, na nadhani linahusu nchi nzima. Gari ni lako, sikatai. Kadi ina jina lako. Lakini ubovu wake ulikuwa wetu sote. Tuliuzoea, tukaupangia kazi, watu wakaujengea maisha: mmoja mahindi, mmoja maji, mmoja kabari, mmoja sentensi. Hukutuita kutuuliza. Fundi mmoja na mwenye gari mmoja wamekaa chini ya boneti wakaondoa kitu ambacho watu wengi walikuwa wanakitegemea. Leo ni pikapu ya Ndera. Kesho mtu atatengeneza lile basi la Gikongoro. Magari yote ya Kigali yakianza kupanda milima bila kupumzika, wanaume wa umri wangu watalazimika kusema mambo yao hadharani, ghafla, bila utangulizi, kama watu wanaoagiza nyama. Sidhani nchi imejiandaa kwa hilo.

Nakubali kwamba nilichangia ulipotuomba tuchangie gharama za injini, ingawa ilikuwa imeshafungwa. Nilichangia kwa sababu abiria wa namba tano alichangia wa kwanza, tena kwa furaha ambayo mpaka leo sijaielewa.

Baada ya maelezo hayo, naomba moja kati ya haya lifanyike kabla ya Idi.

Ombi la kwanza, Mfaransa arudishwe. Nimekwenda kumwona. Yuko uani kwa Maneno, wateja wanamkalia wakisubiri magari yao, na kuku wa mke wa fundi ameatamia pale palipokuwa na kabureta. Niko tayari kumhamisha kuku huyo mwenyewe, pamoja na mayai yake, kwa gharama ya mikono yangu.

Ikiwa hilo haliwezekani, basi Mjapani abaki, ila afungwe bomba dogo kwenye rejeta, lenye koki, ili mtu mwaminifu aliyekaa nyuma aweze kumwaga maji kidogo tunapokaribia ile kona. Mtu huyo anaweza kuwa mimi. Nilimweleza Maneno mpango huu. Alinitazama sana. Kisha akaniuliza kama nimekula, na kama hizi safari zangu za Ndera ni za sokoni kweli au ni za ile hospitali ya wagonjwa wa akili iliyoko kulekule. Nilimjibu kwamba ni za sokoni. Hakuonekana kuridhika.

Ikiwa bomba nalo linakataliwa, basi gari lijazwe mzigo mpaka lishindwe. Niko tayari kununua ndizi nyingi zaidi. Nataka ujue kwamba ndizi ninazonunua kila soko, ili nionekane nina shughuli, sizimalizi. Naishi peke yangu, na majirani wameanza kufunga milango wakiniona nakuja na mkungu. Lakini kwa ajili ya jambo hili nitaongeza.

Na ikiwa yote matatu hayawezekani, basi naomba injini hii ing'olewe akafungiwe Sibomana kwenye benchi lake, iwashwe kutwa, naye aone kama mtu anaweza kuposa ndani ya kelele hizo.

Naamini utalitazama jambo hili kwa macho ya mwenye gari mwenye huruma. Nisalimie mama watoto, na watoto, na jirani yako wa ukutani. Msalimie Maneno, umwambie kazi yake ni nzuri na ndiyo tatizo. Nisalimie Kalisa na wale mbuzi watakaokuwa bado hawajauzwa. Mukandekezi na kuku wa watu. Wazee wa safu ya kwanza, na wa safu ya pili ambao huwa hawasalimiwi. Yule abiria niliyekataa kumtaja, mpe salamu pia, lakini usiseme zimetoka kwangu. Sema zimetoka kwa abiria.

Wako safarini,

Idrisa Mutabazi
mtia kabari, kwa sasa bila kazi

Nyongeza baada ya sahihi
Jumamosi, sokoni Ndera, juu ya gunia la maharage la Mukandekezi

Shemeji,

Usishtushwe na neno hilo, linaelezwa hapa chini.

Barua hii nilipanda nayo leo mfukoni ili nikukabidhi tukifika. Kama ulivyosikia mwenyewe, tulipoikaribia kona ya chemchemi paa la kabini liligongwa mara mbili. Wewe kule mbele nadhani ulihisi mtu ameanguka. Sisi huku nyuma tulijua ni jambo kubwa zaidi, sheria imevunjwa, tena mlimani. Kalisa alishika kopo la maji kwa mazoea. Mukandekezi alikusanya kuku. Aliyegonga alikuwa dada yako, kwa ile rula yake.

Gari likasimama.

Nataka kuliandika hili sawasawa, kwa sababu ndilo linaloiharibu barua yangu yote. Gari zima, lenye injini nzima, liliombwa kusimama likasimama. Halikununa wala halikuzimika. Lilikaa pale linanguruma taratibu, likingoja. Tangu mwezi wa nne tumepita pale kila soko, mimi nikiwa na neno kooni na kabari mapajani, na hakuna hata mmoja wetu aliyefikiri kwamba gari linaweza kusimama bila kuumwa.

Dada yako akasema, “Mutabazi, shuka uweke kabari.”

Nikamwambia breki za mkono zinashika vizuri, Maneno amezibadilisha pia.

“Weka kabari yako, utulie.”

Nikaiweka. Ni kweli, nilitulia. Yeye akaenda kukaa juu ya jiwe lake, akapanga nguo, akasema, “Haya. Ulisema kuna jambo moja ambalo unataka. Tangu mvua mpaka vumbi nalingojea. Limalizie.”

Nilikuwa nimeliandalia jambo hilo maelezo ambayo, kwa makisio yangu, yalihitaji mchemko mzima wa Mfaransa na pengine nusu ya mwingine. Yalikwisha kabla wewe hujafungua mlango. Nilisema nataka kumwoa, kama ataridhia. Sentensi imepata nukta yake.

“Hilo tu?” akasema.

Nikasema ndiyo, ni hilo.

Ndipo aliponieleza ambayo wewe ulikuwa unayajua. Kwamba ni yeye aliyekusumbua mpaka ukaitoa ile injini. Alihesabu kwamba mahali pa kusimama pakikosekana, nitalazimika kusema haraka. Alipoona nimenyamaza moja kwa moja, alikaribia kukuomba Mfaransa umrudishe. Sasa naelewa ulichekea nini, na naelewa ule mchango uliotolewa kwa furaha. Kuhusu Sibomana alisema maneno machache: kwamba ni mtu mwema, ila anaongea kama hii dizeli, tena hata gari likiwa limesimama. Uzi ulikuwa unatafutwa muda mrefu kwa sababu mtafutaji alikuwa anahadithia.

Halafu akasema, “Mimi nimeridhia. Mengine mwambie kaka. Yuko pale kwenye usukani.”

Nilikuja mpaka dirishani kwako. Uliniuliza kuna nini, nami nikakujibu kwamba nitakuandikia. Ulinitazama kama Maneno alivyonitazama siku ya bomba. Ukweli ni kwamba mfukoni nilikuwa na barua moja tu, na ni hii.

Kwa hiyo naomba sasa uisome kama kaka. Chai unaweza kunywa au kuacha. Lalamiko la kwanza lifute, kabari imepata kazi leo. La tatu na la nne yafute, mhariri nitamwambia ukweli. La tano limeshajibiwa, la sita limejifuta, la saba nadhani nchi itamudu. Maombi yote ya mwishoni yafute, hasa lile la bomba, na kama Maneno ameshalitangaza, tafadhali likanushe. Kuku aachwe juu ya mayai yake. Wazee wangu watakuja kwako kabla ya Idi, na ningefurahi ukiwachukua kwa gari lako, maana mmoja wao ana magoti mabovu, na kwa mara ya kwanza sitaki mtu yeyote achelewe njiani.

Lalamiko la pili tu ndilo naomba libaki. Mukandayisenga alitukimbilia na mahindi yote aliyokuwa nayo, hata ambayo hayajaiva. Aliuliza kama Mfaransa amerudi. Nilitaka kumweleza habari za injini, vishikio na giaboksi, lakini dada yako alinitangulia.

“Hapana, mama,” alimwambia. “Gari ni zima. Tumesimama kwa kutaka.”